Toka Kite, Ingia Mombasa na Familia Yote

Kite, yaani Kitengela, ni mtaa wa kila mtu. Ukishuka mathree ya Rembo ama Naekana saa moja jioni, kabla ufike keja utaskia Kikamba kwa mama mboga, Kimaasai kwa wazee wametoka soko ya mbuzi, Kikisii kwa fundi wa viatu na Kisomali kwa duka ya simu, na Kiswahili kinapita katikati kikiunganisha wote. Sensa ya 2019 ilipata zaidi ya watu 150,000 hapa. Wazee wa Noonkopir, hapa hapa Kite, wanakumbuka vizuri vile ilikuwanga: ukivuka barabara ya Namanga ni nyasi, ng'ombe na swara basi. Ranchi ya pamoja ikagawanywa, ploti zikauzwa moja moja, EPZ, lile eneo la viwanda, ikafunguliwa pale Athi River miaka ya 1990, makampuni ya simiti yakapanuka, na mahasla wa kila kaunti wakaingia na godoro kwa bega.

Kwa hivyo sisi mayuth wenye tumelelewa Kite tunajua kuishi na watu wametoka kila kona. Kitu hatuna ni umri. Mtaa wetu bado ni mtoi. Ndio maana nataka kubonga kuhusu holi ya familia, na kwa nini naamini familia ya Kite ikipata munde kidogo inafaa iende Mombasa, tena iingie ndani ya mji wenyewe, Old Town na Marikiti na Makadara, isikwame tu kwa mchanga wa biichi.

Kuna wasee duniani hulipa pesa mob sana kufika Penang ama Singapore, juu wanataka kutembea mtaa wenye msikiti, hekalu la Kihindi na hekalu la Kichina yako karibu hivi, unatoka moja unaona ingine. George Town ya Penang iliingizwa kwa orodha ya UNESCO 2008 juu ya huo mchanganyiko. Naiheshimu, na nikiomoka nitapeleka mathe huko. Lakini zile pepo za kaskazi na kusi zenye zilikuwa zinasukuma majahazi ya huko ndizo zilileta Waarabu, Wahindi, Wabaluchi na Wareno kwa bandari yetu, na hapo unafika kwa ngiri moja na soo kadhaa.

Sasa form ya safari yetu ilikuwa hivi. Tulikuwa mathe, fathe, sistee, brathe mdogo wa gredi ya sita, mimi, na Yeyo. Yeyo ni mathe ya mwenye ploti yetu. Boma yake iko Bissil, mbele ya Kajiado mjini, lakini wiki zingine anakaa Kite kwa kijana wake. Amelea watoi wa ploti yote. Ukimpita asubuhi bila kuinamisha kichwa akuguse, anakuita urudi. Bahari hakuwa ameiona, na mathe alisema hatuendi bila yeye.

Tiketi tulikata na simu, *639#, unalipa na M-Pesa. Watu wengi wa Kite wanafikiria lazima urudi mpaka Syokimau ndio udandie treni. Zii. Ile ya asubuhi yenye inasimama kwa stesheni za njiani inapitia Athi River, na kutoka Kite hapo ni karibu. Daraja la pili Nairobi hadi Mombasa ni 1,500 tangu Januari 2024, na watoi wanalipa nusu. Ni ghali kuliko zile siku Madaraka Express ilianza 2017, hiyo lazima isemwe, juu kwa familia ya watu sita tofauti unaiskia. Bado ukilinganisha na kujaza tanki ya ndai, na usingizi wenye dere anakosa usiku mzima kwa barabara ya Mombasa, mimi naishikilia treni.

Halafu dirisha. Brathe alikalia dirisha kutoka Emali mpaka Voi hakubonga. Tsavo inatokea na ndovu wa rangi ya mchanga mwekundu, wanasimama kando ya reli kama wametumwa kukusalimia. Yeyo hakushtuka na ndovu, hao anawajua kutoka upande wa Amboseli. Yeye alikuwa anacheki ng'ombe. Kila kundi likitokea anasema hawa wameshiba, hawa wana njaa, huyu mchungaji amelala. Fathe akamuuliza kama anajua reli ya zamani ya Kajiado. Yeyo akacheka. Hiyo reli ya Magadi, ya kutoka Konza, inapita Kajiado mjini, na imebeba magadi kupeleka bandari ya Mombasa kwa zaidi ya miaka 100. Alikuwa anaiskia ikilia usiku akiwa msichana. Akasema leo ndio anaenda kuona mahali ile mizigo ilikuwanga inaenda.

Miritini, stesheni ya Mombasa, joto. Ukishuka tu, nguo zinashika mgongo. Tulidandia mathree mpaka mjini, tukaingia keja ya kukodisha yenye ina jiko, karibu na Old Town. Hiyo ya jiko ni muhimu kwa familia. Hoteli itakula bajeti yako yote kwa chai na mayai, na wewe umekuja mji wenye msosi mtamu zaidi Kenya unauzwa mlangoni kwa finje.

Asubuhi ya kwanza sistee alirauka akatoka na sufuria. Akarudi na mbaazi za nazi na mahamri bado ya moto, zile zenye iliki, ukipasua mvuke unatoka. Tuseme tu ukweli, mandazi ya stage ya Kite inajaza tumbo na tunaishukuru, lakini mahamri ni kitu ingine kabisa. Mathe alimaliza yake, akatoka hapo hapo kutafuta mwenye aliyapika. Alimpata bibi mmoja ameketi kwa kibaraza na karai, wakabonga mpaka jua likapanda. Bibi anamwita mathe "mwanangu," mathe anamwita "mama," na mathe wangu ana wajukuu shags! Alirudi na siri ya tui na kiasi cha hamira.

Hapo kwa kibaraza ndio kulitokea kitu sitawahi sahau. Kulikuwa na mzee wa kanzu amekaa na tasbihi. Brathe, juu amelelewa na Yeyo, alimkaribia akainamisha kichwa. Mzee hakuelewa mara moja. Alikuwa amezoea shikamoo na kupewa mkono. Alimcheki tu, halafu akaweka kiganja juu ya kichwa cha brathe polepole, akasema, "Mungu akukuze, mjukuu wangu." Yeyo akatingisha kichwa, ameridhika. Baadaye brathe alijifunza kusema shikamoo, na tangu hiyo siku anafanya zote mbili kwa pamoja, anainama halafu anaisema, na hakuna mtu mzima amewahi kumkataza.

Fort Jesus lazima. Wareno waliianza 1593 wakaimaliza 1596. Waomani wakaizingira kutoka 1696, watu wakafa ndani na njaa na magonjwa, mpaka Desemba 1698 ndio ikaanguka. Halafu Waingereza wakaifanya jela, 1895 mpaka 1958. Leo ni makumbusho, na UNESCO waliiweka kwa orodha yao 2011. Hizi tarehe brathe alikuwa anazijua kwa vitabu. Kitu hakuwa anajua ni kwamba kuta zimechongwa kwa mwamba wa matumbawe, ukiukaribia unaona makombe na mifupa ya bahari ndani ya ukuta. Alikaa hapo anapitisha kidole. Sisi wa Kite tumezoea mawe ya machimbo, ya kijivu, yenye yanakatwa hapo Athi River mpaka kokoto zinaingia kwa viatu. Kujenga ngome na mwili wa bahari kulimchanganya vizuri kabisa.

Lakini mimi jengo sio kitu ilinishika. Ilinishika vile watu wa mji wenyewe walijipanga. Waswahili wa Mombasa wa asili wanajiita Thenashara Taifa, mataifa kumi na mbili. Ukiskia majina utaelewa. Kuna Wakilindini, Wachangamwe na Watangana upande mmoja, hao ni Thalatha Taifa. Upande mwingine ni Tisa Taifa, na ndani yake kuna Wamvita wenyewe, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza. Chunguza hayo majina. Pate ni kisiwa cha kule Lamu, na Faza ni mji ndani yake. Kilifi na Mtwapa ni miji ya pwani huko juu. Maana yake wasee walitoka kwao, ingine vita, ingine njaa, ingine biashara, wakafika kisiwani, na badala ya kuambiwa miaka mia tatu baadaye warudi walikotoka, wakapewa nafasi kwa baraza la mji na jina la kwao wakabaki nalo. Si eti hawakuwahi gombana. Hizo pande mbili ziligombana sana tu. Lakini walikuwa na mahali pa kukaa wagombane wakiwa wenyeji. Hicho ndicho kitu Kite inahitaji, na kila msimu wa kura, watu wakianza kuulizana majina ya mwisho, mimi nawaza hizo taifa kumi na mbili.

Na hapa sitaruka ukweli. Mchanganyiko una wenye waliulipia. Kajiado kuna familia za Kimaasai ziliuza ekari kwa bei ya pikipiki, na leo mtoi wao anakodisha singo kwa ile ile ardhi. Pwani vilevile, Wamijikenda wengi wanakaa kwa mashamba ya babu zao wakiitwa maskwota. Yeyo alibonga na muuza madafu mmoja kuhusu hii, Mgiriama, na walielewana haraka kuliko sisi wote tulivyotegemea. Alimuuliza tu swali moja: "Nyinyi pia mliuza?" Jamaa akamjibu, "Sisi hatukuuza, mama. Tuliamka tukakuta ina karatasi ya mtu." Wakanyamaza. Ukitaka watoi wako wakue na akili, wacha waskie pia hizo.

Sasa siku yenye ilibamba zaidi ni ya hekalu la Wajaini, Old Town, mtaa wa Langoni. Nyeupe kabisa, marumaru imechongwa mpaka unashangaa mkono wa binadamu ulifanyaje. Kabla uingie viatu unaacha, na kitu yoyote ya ngozi pia unaacha. Mshipi, pochi, kamba ya saa. Yeyo alikuwa na mshipi wa shanga, na ndani ya zile shanga ni ngozi ya ng'ombe. Alivua akashika mkononi, akamuuliza yule mzee wa mlangoni sababu ni gani. Mzee alimweleza na heshima, polepole, kwa Kiswahili safi cha Mombasa, kwamba wao hawaui kiumbe, hata mdudu. Hawali nyama. Hawali mayai. Wengi wao hata viazi na vitunguu hawagusi, juu ukivuta mzizi umeua mmea wote na vijidudu vya mchangani.

Yeyo, mama wa Bissil, mwenye maisha yake yote ni ng'ombe, maziwa na nyama ya sherehe, alisimama hapo akifikiria. Nikajua ataropoka kitu. Akauliza, "Na maziwa je?" Mzee akasema maziwa wanakunywa, ng'ombe wanampenda. Uso wa Yeyo ukafunguka. Akamwambia hata kwao ng'ombe hachinjwi ovyo, lazima kuwe na sababu, na kila mmoja ana jina lake. Akamtajia majina. Yule mzee akaweka mikono pamoja kifuani akamwinamia. Mshipi ulibaki nje juu ya kiti, Yeyo akaingia miguu mitupu na fimbo yake akamwachia fathe. Unaweza kusoma vitabu mob kuhusu dini za watu. Hiyo mimi niliiona ikitokea, mbele ya macho yangu, mtu na mtu.

Kutoka hapo tukaenda Biashara Street. Mathe na sistee walipotelea kwa leso. Duka la Kaderdina Hajee Essak, wenye wanatoa leso za Mali ya Abdulla, lilianza 1887, yaani kabla reli ya Uganda ianze kujengwa 1896. Leso zinauzwa pea, na mathe hanunui kabla asome jina, ule msemo wa chini, kwa sauti, juu leso unaweza kumpa jirani ukamtukana bila kujua. Yeyo alichagua nyekundu. Cheki wamama wa Kimaasai siku ya soko Kajiado ama Kiserian, leso mbili, moja imefungwa begani moja kiunoni, na shanga juu. Sisi wa Kite tumeona hiyo picha maisha yetu yote tukiita ni ya kimila. Ni ya kimila, na pia imepita hapa, kwa rafu ya Muhindi wa Mombasa.

Shanga pia. Zile shanga ndogo za kioo zilikuwa zinatoka Venisi, na siku hizi pia zinatoka Jamhuri ya Cheki, zinavuka bahari, zinashuka pwani, zinapanda bara, na mama wa Kajiado ndiye anaamua rangi gani ikae na gani. Ufundi ni wake. Karibu na Fort Jesus tulipata vijana wa Kimaasai wakiuza mikufu na marungu. Yeyo akawasalimia kwa Kimaa, mmoja akashtuka kabisa. Kumbe ni wa Bissil, na boma yao anaijua! Alimkalisha chini, akamuuliza kama anakula, kama anatuma pesa nyumbani, na kama mathe yake anajua anavaa hizo viatu. Yule morani na urefu wake wote alikuwa anajibu kama mtoi wa naseri. Tulitoka hapo tumepewa bangili, na Yeyo ameahidi kupeleka salamu.

Jioni ni Mama Ngina. Ile promenedi ilitengenezwa upya 2019, na sisi hatukulipa kiingilio. Familia zote za mji ziko hapo chini ya mibuyu, Wabohora na kofia zao nyeupe zenye ukingo wa dhahabu, wamama wa buibui, Wahindi wa Kihindu, mayuth wa Likoni, watalii wa bara kama sisi. Unanunua mhogo wa kuchoma umepasuliwa ukajazwa pilipili na ndimu, viazi karai na ukwaju, mabuyu ya rangi mpaka ulimi ugeuke. Meli kubwa zinapita kwa mkondo ziingie Kilindini, karibu sana mpaka brathe alikuwa anasoma majina yazo. Feri ya Likoni kwa wenye wanatembea ni bure, kwa hivyo tulivuka na kurudi, basi tu kwa raha ya kuvuka, na Yeyo alishika chuma na mikono yote miwili akikataa kukaa.

Kama unabeba watoi, usikose Haller Park, Bamburi. Na hapa nabonga na Kite moja kwa moja, juu simiti tunaijua. Tunaanika nguo nyeupe zinakuwa za kijivu. Hii paki ilikuwa machimbo ya kampuni ya simiti, shimo tupu la mwamba, hakuna kitu ilikuwa inamea. Kutoka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo mwenye kampuni ilikuwa imeajiri, akaanza kujaribu miti. Mivinje ikashika, juu inaweza kuvumilia chumvi na jua kali. Akaleta majongoo yakule yale majani magumu yageuke udongo. Leo ni msitu na twiga na viboko. Hapo ndipo Owen aliletwa, kiboko mchanga mwenye alinusurika karibu na Malindi siku za tsunami ya Desemba 2004, akashikamana na kobe mkongwe anaitwa Mzee mpaka dunia yote ikaandika stori yao. Fathe, mwenye amefanya mboka ya machimbo, alisimama kwa mti mmoja wa mvinje muda mrefu akichimba udongo na kidole cha kiatu. "Majongoo tu," alisema. "Hata sisi tuko na majongoo." Tangu turudi ameshawaandikia wasee wa chama cha mtaa ujumbe mrefu kuhusu yale mashimo yenye yameachwa wazi huku kwetu, yenye watoi huzama msimu wa mvua.

Upande wa munde, wacha niseme wazi vile sisi tulifanya. Tulichanga kwa chama cha familia kila wiki, kila mtu na uwezo wake, hata brathe na soo yake. Tiketi ndio kitu kubwa, zikifuatwa na keja. Msosi ukidishi mtaani haukuumizi. Epuka Desemba kama unaweza, juu keja zinapanda na treni inajaa haraka. Agosti hali ya hewa ni poa, jua si kali sana. Beba nguo nyepesi, na ya kufunika mabega na magoti kwa sistee na kwa kaka pia, juu Old Town ni mahali watu wanaishi na wanaswali. Ukitaka kupiga mtu picha, muombe kwanza. Ukiskia adhana, shusha sauti ya spika yako.

Sasa keja kwetu ni mjadala wa kila jioni kuhusu mwaka ujao. Fathe anasema Kisumu, mathe anasema turudi kwa yule bibi wa mahamri, sistee anataka Lamu, punda na jahazi na vichochoro bila magari. Yeyo ameuliza kama Lamu kuna ng'ombe. Nikamwambia wako, ng'ambo kule bara, kwa wafugaji wa Kiorma. Akasema basi Lamu, na tayari ameanza kutengeneza mkufu wa kumpelekea mama yeyote wa Kiorma atakayempokea.